Kwa nini filamu zenye treni za mvuke hupigwa kwenye reli zilezile chache?

Msomaji wa Ratiba (swali)

Habari zenu wanajukwaa. Nimekuwa nikifuatilia filamu na tamthilia za Uingereza zenye matukio ya treni za mvuke, na kuna jambo linanitatiza. Stesheni ya Goathland, iliyopo kwenye North Yorkshire Moors Railway, ilikuwa Aidensfield katika tamthilia ya Heartbeat, kisha ikageuzwa Hogsmeade katika filamu ya kwanza ya Harry Potter ya mwaka 2001. Horsted Keynes, kwenye Bluebell Railway, ndiyo stesheni ya Downton katika Downton Abbey, ilhali Bluebell iko Sussex, kusini kabisa, na Downton ya hadithini iko Yorkshire, kaskazini. Uingereza ina reli nyingi za urithi, yaani reli za zamani zilizohifadhiwa, zinazoendeshwa kwa mvuke, na nyingine zina mandhari ya kupendeza kuliko hizo. Je, kinachowarudisha watayarishaji palepale ni gharama, ni urahisi, au ni mazoea tu? Na wanaoziendesha reli hizo, wananufaika kweli au wanasumbuliwa bure?

Mwashamoto

Ndugu Msomaji wa Ratiba, mimi hujitolea kama mtia makaa kwenye reli ya aina hiyo, kwa hiyo nitalieleza jambo hili kama linavyoonekana kutoka kwenye injini.

Mandhari si kigezo cha kwanza. Anachokitafuta mwongozaji ni njia ya reli anayoweza kuisimamisha. Kwenye reli ya kawaida treni nyingine inakuja nyuma, ratiba haimngoji mtu, na mara nyingi kuna nyaya za umeme juu, mistari ya njano ukingoni mwa jukwaa na mabango ya usalama kila hatua. Reli ya urithi ikifungwa kwa abiria siku ya kazi wakati wa baridi, njia nzima inakuwa yake: treni itaingia stesheni, itarudishwa kinyumenyume, itaingia tena, na hivyo hivyo mpaka jua linazama. Urudiaji huo ndio unaokula siku nzima, na stesheni isiyoweza kuuruhusu haina maana hata ikiwa nzuri namna gani.

Baada ya hapo ndipo sura inapoangaliwa. Bluebell, iliyoanza kubeba abiria mwaka 1960 kama reli iliyookolewa, imezipamba stesheni zake kwa enzi tofauti: Sheffield Park ina sura ya miaka ya 1880, Horsted Keynes ya miaka ya 1930, na Kingscote ya miaka ya 1950. Mtayarishaji anapata enzi tatu kwenye njia moja bila kuhamisha magari yake ya vifaa mbali. Great Central Railway ya Loughborough nayo ina jambo lisilo la kawaida kwa reli za urithi, yaani njia mbili sambamba, kwa hiyo treni mbili zinaweza kupishana mbele ya kamera kama ilivyokuwa kwenye reli kuu za zamani.

Kuhusu usumbufu, niseme wazi kwamba injini ya mvuke haifuati maneno ya mwongozaji. Moto huwashwa saa nyingi kabla, mara nyingi tangu usiku, kwa sababu boila ikipashwa moto kwa haraka mabati yake hutanuka bila kulingana na mabomba huanza kuvuja. Kukipambazuka na mvuke ukiwa tayari, utasikia kwamba mwanga haujafaa na kwamba tusubiri. Sasa injini iliyosimama ikiwa na moto mkali huendelea kujenga shinikizo, na shinikizo likifika kikomo valvu za usalama hufunguka kwa mngurumo unaozima kila neno la waigizaji. Kwa hiyo mtia makaa huacha nafasi ya maji ndani ya boila makusudi, akiitazama gleji ya kioo inayoonyesha kiwango cha maji, ili mazungumzo yanapokaribia aingize maji baridi na kuituliza injini. Akijaza maji mapema mno hana tena pa kuyaweka, na waigizaji watasubiri valvu zinyamaze zenyewe.

Halafu kuna ombi la moshi. Karibu kila mpigapicha anataka moshi mweusi mzito, ambao kwetu ni dalili ya moto unaokosa hewa na uwashaji mbaya. Tunautoa, lakini mabomba yanajaa masizi na kesho yake kuna mtu wa kuyasugua. Mvuke mweupe unaofunika miguu ya abiria jukwaani ni rahisi zaidi: hutoka kwenye koki za silinda, yaani vibomba vidogo vya kutolea maji chini ya silinda, na kukiwa na baridi unaonekana vizuri sana, sababu nyingine ya kupenda miezi ambayo hatuna abiria.

Mhesabu Ribiti

Naongeza moja tu, kwa uchungu kidogo. Hao watayarishaji hawajali injini ni ya kampuni gani. Treni ya Hogwarts, ile ya filamu za Harry Potter, inavutwa na injini iitwayo Olton Hall, namba 5972, iliyojengwa Swindon mwaka 1937 kwa ajili ya Great Western Railway, kampuni iliyojulikana kwa injini za kijani. Wao wakaipaka rangi nyekundu na kuibadilishia jina, namba wakaiacha ileile. Najua ni hadithi ya wachawi, lakini macho yangu hayakubali.

Nene Valley Railway ndiyo ninayoiheshimu kwa hili, kwa kuwa ina uwezo wa kupitisha mabehewa ya Ulaya bara, ambayo ni mapana na marefu kwenda juu kuliko ya Uingereza. Ndiyo maana filamu ya James Bond, Octopussy ya mwaka 1983, iliitumia kuwa Ujerumani, na nyingine ya Bond, GoldenEye ya mwaka 1995, ikaitumia kuwa Urusi.

Msomaji wa Ratiba

Nawashukuru sana. Limebaki moja: nimesoma kwamba reli nyingi za urithi huko haziruhusiwi kupita kilomita 40 kwa saa. Mbona kwenye filamu treni hukimbia kama mshale?

Nyuma ya Lenzi

Ndugu yangu, kasi ya kwenye filamu hutengenezwa na mahali kamera ilipowekwa. Iweke chini, karibu na reli, kukiwa na vichaka au uzio mbele yake, na treni ya kilomita 40 itapita kwa kishindo. Iweke juu ya kilima mbali, na hata treni ya kasi itaonekana inatambaa. Sauti ya pumzi za injini hurekodiwa peke yake na kuongezwa baadaye. Kama injini haina nguvu ya kutosha kupanda mlima kwa mwendo unaotakiwa, injini ya dizeli inaweza kufungwa nyuma ya mabehewa ikisukuma, na mhariri hukata picha kabla haijaonekana. Mazungumzo marefu ndani ya behewa mara nyingi huhamishiwa studio, kwa kuwa behewa halisi ni jembamba mno kwa kamera, taa na watu wake.

Kuna jambo moja ambalo ndugu Mwashamoto hakuligusa, nalo ni upande ambao injini imeelekea. Reli nyingi za aina hii hazina mahali pa kuigeuza, hivyo ikiwa imeelekea kaskazini itabaki hivyo. Mwandishi akiandika shujaa anaondoka asubuhi na kurudi jioni kwa treni ileile, ama atamwonyesha akirudi kwa injini inayotembea kinyumenyume, ama tutapiga safari zote mbili kwa upande mmoja na kubadilisha stesheni. Mimi huuliza jambo hili kabla ya kuuliza bei.

Kuhusu manufaa, ada ya kukodi njia ni fedha ya msimu usio na abiria, na fedha hiyo ina kazi, maana nchini Uingereza boila hufunguliwa na kukarabatiwa kabisa takriban kila baada ya miaka 10, na gharama yake si ndogo. Hata hivyo, faida kubwa huja baadaye. Keighley and Worth Valley Railway ilifunguliwa upya mwaka 1968, na mwaka 1970 ikatoka The Railway Children, iliyopigwa kwenye stesheni yake ya Oakworth. Reli changa namna ile isingeweza kununua tangazo la aina hiyo, na mpaka leo wageni wanakwenda Oakworth kwa ajili ya filamu hiyo. Mwaka 2022 hata mwendelezo wake ulirudi kupigwa hapohapo.

Ila mkataba usomwe vizuri. Rangi itakayopakwa iwe ya kutoka, mabango yaliyong'olewa yarudishwe na aliyeyang'oa, na iandikwe bila kificho kwamba treni haisogei hata hatua moja kwa amri ya mwongozaji, bali kwa amri ya afisa wa reli aliyepo zamu.