Mafundi wa Kigoma mnabadilisha spea kwa kuotea, halafu bili tunalipa sisi

Wakuu, habari za muda huu. Uzi ni mrefu kidogo na nina hasira, mwenye haraka apite.

Nina Toyota Carina Ti, injini 5A-FE. Ndiyo inayonilisha: alfajiri watoto wa shule, mchana vichwa vya Mwanga na Ujiji, na akitokea wa kukodi nafika hadi Kasulu. Gari likaanza tabia. Likilala, asubuhi stata inazunguka weee, injini haishiki. Unapumzisha, unarudia, ndipo linashika kwa kukohoa na kutoa moshi mweusi. Likishawaka halina neno, milima ya kwenda Kasulu linapanda na mzigo wake. Ukizima na kuwasha papo hapo, linawaka. Ukizima ukaingia kwa mama ntilie ukanywa chai, ukitoka ni kizungumkuti kilekile, na harufu ya petroli juu.

Yote haya nilimweleza fundi wa gereji moja hapa mjini, jina naliacha. Aliitikia "ndiyo, ndiyo" huku anachati.

Dawa ya kwanza: betri. Stata inazunguka kama feni, sasa betri imekosa nini? Nikanunua. Halafu akafungua plagi, zote nyeusi tii, akaniwekea mkononi: "Unaona bosi? Hizi zimekufa." Plagi kuwa na masizi makavu meusi mara nyingi maana yake mafuta yanayoingia yanazidi kiasi cha hewa iliyopo. Swali la fundi linatakiwa liwe yanazidi kutokea wapi, siyo duka gani linauza plagi. Tukabadilisha plagi, tukabadilisha na waya zake. Gari likawaka vizuri siku mbili tatu, likarudi kulekule. Bila shaka, plagi mpya nazo zilikuwa zinapakwa masizi.

Sasa sikieni hii ya pampu ya mafuta, ndiyo iliyonitoa kwenye reli. Akaniambia nifungue swichi bila kupiga stata, yeye akainama kwenye tenki kusikiliza. "Kimya. Pampu imekufa." Jamani! Toyota nyingi za enzi ya Carina Ti pampu haizunguki kwa swichi peke yake. Inasubiri stata izunguke, au injini iwe inafanya kazi. Kile kimya ndiyo hali yake ya kawaida. Na pampu iliyokufa ingepandishaje gari Kasulu na watu watano ndani? Lakini mimi sikuwa najua hayo, nikatoa hela. Spea ikaagizwa Kariakoo, ikaja kwa basi, Kigoma tuko zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar na kila kitu kinakuja na nauli yake. Ikafungwa. Inavuma hadi abiria wa nyuma wanauliza kuna nini. Asubuhi yake gari likagoma vilevile. Nikadai pampu yangu ya zamani, naambiwa "tulitupa". Pampu ya Denso inayofanya kazi, imetupwa! Mnatuona watoto.

Aliyelimaliza tatizo ni mzee mmoja wa Ujiji, hana hata bango. Kabla hajagusa boneti aliuliza, "Kijana wangu, likizimwa likakaa nusu saa, linawakaje? Moshi wake rangi gani? Mafuta yameongezeka kula?" Nikajibu. Akafungua kile kiboksi cheusi chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSTIC, akachukua kipande cha waya akaunganisha tundu la FP (la pampu ya mafuta) na la +B (la umeme wa betri), akaniambia nifungue swichi. Pampu ikaanza kuzunguka injini ikiwa imezimwa. Kisha akachomoa kampira kembamba ka vakyumu, unene wa kalamu, kanakotoka kwenye regyuleta ya mafuta (kile kifaa kinachodhibiti presha yake) kwenda kwenye manifoldi, bomba linalogawa hewa kwenye injini. Kale kampira kanatakiwa kawe kakavu kabisa, hewa tupu. Akakageuza, petroli ikadondoka tone, tone, juu ya kidole chake. Pale regyuleta ilipochomolewa mpira nako palikuwa panalia machozi. Hakusema kitu, alinionyesha tu.

Kiwambo cha ndani ya regyuleta kilikuwa kimechanika. Injini ikizimwa, presha ya kwenye reli ya nozeli (bomba linalogawia nozeli mafuta) inavujia kwenye manifoldi. Ndiyo maana likikaa kidogo linakuwa limelewa petroli, na likilala presha inakuwa imeisha yote, stata inabidi izunguke mpaka mafuta yafike upya. Na ndiyo maana plagi nyeusi, ndiyo maana moshi. Kila dalili ilikuwa mezani tangu siku ya kwanza! Regyuleta ya mtumba: elfu 30. Kazi ya mzee: elfu 10. Gari sasa linawaka stata ikigusa.

Edit: mnaouliza "je kampira kakiwa kakavu?" Basi presha inapotelea kwingine. Funga geji ya presha ya mafuta, zungusha pampu kwa ule waya, zima, halafu bana mpira wa riteni, ule unaorudisha mafuta kwenye tenki. Presha ikikaa, mkosaji ni regyuleta kuvujia kwenye riteni. Isipokaa, bana mpira unaoleta mafuta kutoka kwenye tenki. Ikikaa hapo, ni kile kivali cha ndani ya pampu kinachozuia mafuta kurudi. Ikigoma kote, kagua nozeli. Kwa 5A-FE geji inatakiwa isome psi 38 hadi 44 kampira ka vakyumu kakiwa kamechomolewa, na ukizima isiwe imeshuka chini ya 21 baada ya dakika 5. Mnaobana mabomba ya chuma au ya plastiki ngumu, acheni, mtaivunja. Na sigara kaa nayo mbali, hiyo ni petroli.

Mliokuja kumtetea fundi kwamba "vifaa vya kupimia ni ghali": geji ya presha ya mafuta ni nafuu kuliko ile pampu feki mliyonifungia. Waya wa kuunganisha FP ni bure. Tatizo ni kwamba kupima hakuna cha juu, kuuza spea kuna cha juu. Petroli yenyewe EWURA (mamlaka ya nishati na maji) wakitangaza bei kikomo kila mwezi sisi wa Kigoma tuko juu ya Dar, na mimi nilikuwa naimwaga kwenye manifoldi wakati bwana fundi anaagiza plagi.

Gereji nimeshawaambia nataka pampu yangu au hela yangu. Wananizungusha, risiti hawakunipa, walichoandika ni karatasi ya daftari, ila ina tarehe na sahihi. Mwenye uzoefu wa kudai gereji hapa Kigoma anisaidie: karatasi kama hiyo inatosha kuanzia kwa mwenyekiti wa mtaa, au niende moja kwa moja Mahakama ya Mwanzo?