Tupeane uzoefu: makongamano, ufadhili na nafasi za kujitolea kwa wanafunzi wa uzamili wa ukutubi

Mtoa mada

Ndugu wanachama, nawasalimu nyote. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili katika ukutubi na usimamizi wa taarifa hapa Dar es Salaam, nimemaliza masomo ya darasani na sasa ninaandaa pendekezo la utafiti. Wenzetu wa uhasibu na wa sheria wanajua mapema mitihani yao ya bodi ni lini na barua zipelekwe wapi, lakini sisi tangazo la kongamano hutufikia likiwa limeshapita katika simu za watu kumi na tano, na siku ya mwisho ya kupokea ikisiri, yaani muhtasari wa mada unayotaka kuwasilisha, huwa ni kesho kama si jana.

Ratiba kubwa ninaifahamu. Shirikisho la kimataifa la maktaba, IFLA, hufanya mkutano wake mkuu katikati ya mwaka. Wa mwaka 2025 ulifanyika Astana, na mwaka 2026 ni zamu ya Busan, Korea Kusini. SCECSAL, inayounganisha vyama vya wakutubi vya Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, kwa kawaida hukutana kila baada ya miaka miwili. AfLIA, jumuiya ya maktaba ya Afrika nzima yenye makao yake Accra, nayo ina mikutano na mafunzo yake. Ninachokikosa ni habari kutoka kwa mtu aliyepita njia hiyo kwa miguu yake: nani alimlipia nauli, ikisiri aliiandikaje, na aliporudi nyumbani alikuwa na nini mkononi zaidi ya mkoba wenye nembo? Naomba kila anayejibu aeleze yaliyomkuta mwenyewe.

Binti Magomeni

Ndugu mtoa mada, nianze na kukataliwa, kwa sababu ndiko kulikonifundisha. Ikisiri yangu ya kwanza ilihusu changamoto za maktaba za shule nchini Tanzania. Ilijibiwa kwa sentensi mbili za heshima ambazo maana yake ilikuwa kwamba jambo hilo limeshasemwa na watu wengi kabla yangu.

Wakati huo nilikuwa nikijitolea kwenye kona ya watoto ya maktaba moja hapa mjini, na kazi yangu ilikuwa kubandika lebo za namba migongoni mwa vitabu. Anayejua kazi hiyo anajua adha yake. Mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu kwa namba za mada, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1876, unakipa Kiingereza 420, Kijerumani 430 na Kifaransa 440, lakini lugha za Kiafrika zimebanwa pamoja ndani ya 496, kwa hiyo Kiswahili kinakuwa 496.392 na fasihi yake 896.392. Sasa chukua kitabu cha hadithi cha watoto chenye kurasa 24, kilichobanwa kwa pini mbili, uti wake mwembamba kama ukucha, kisha ujaribu kukibandika namba ya tarakimu sita pamoja na herufi za mwandishi. Haiwezekani. Tulikuwa tunabandika lebo kwenye jalada la mbele, mara nyingi juu ya uso wa sungura au fisi aliyechorwa pale, na kitabu kikishaingia kwenye rafu hakuna anayeiona lebo hiyo tena.

Nilichukua rula nikapima uti wa kila kitabu katika rafu tatu. Nikawauliza wahudumu watatu wanavyovipata vitabu hivyo mtoto anapoviulizia, wote wakanijibu kwamba wanakumbuka rangi ya jalada. Nikawauliza watoto, nao wakaniambia hivyo hivyo. Hapo ndipo ikisiri ya pili ilipozaliwa, maneno yasiyozidi mia tatu: sentensi ya kwanza ilieleza uti wa kitabu, ya mwisho ilipendekeza alama za rangi zitumike pamoja na namba. Ilikubaliwa katika mkutano wa kikanda uliofanyika Nairobi.

Kuhusu nauli, sikupata mfadhili. Niliomba punguzo la ada kwa wanafunzi, nikapewa baada ya kutuma barua ya utambulisho kutoka idarani, kisha nikapanda basi alfajiri pale Mbezi, nikafika usiku miguu ikiwa imevimba, nikalala kwa binamu yake mama. Kwa kuwa Kenya hatuhitaji viza, gharama iliishia kwenye basi na ada. Nilizungumza kwa dakika kumi na mbili, na aliyeniuliza swali gumu kuliko wote ndiye aliyekuja baadaye kukubali kuwa mtahini wa nje wa tasnifu yangu.

Mkutubi Mstaafu

Wanangu, nimewasoma na nimefurahi. Ninyi mnaiona mikutano hii kama mambo ya ng'ambo, lakini SCECSAL ilianzia hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1974, na ikarudi hapa mwaka 2006. Ule wa 2006 niliushuhudia nikiwa kazini. Wageni walikuwa wengi, na kamati ya maandalizi ilihitaji vijana wa kupokea watu uwanja wa ndege, kupanga vitambulisho mezani na kukimbia na karatasi kutoka ukumbi hadi ukumbi. Wanafunzi wengi waliona kazi hiyo ni ya utarishi. Wachache walioikubali walikaa meza moja na wakuu wa maktaba za vyuo vikuu kutoka nchi kadhaa kwa siku nzima, wakawa wanaitwa kwa majina. Ninawafahamu wawili ambao barua zao za mapendekezo za kwenda kusoma nje ziliandikwa na watu waliowabebea mabegi wiki ile.

Kwa hiyo msisubiri hadi muwe na makala ya kuwasilisha. Mkutano wa Chama cha Wakutubi Tanzania ukitangazwa, andikeni barua kwa katibu mkiomba kusaidia maandalizi. Na mkiwa Posta, ingieni pia Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, jengo alilolifungua Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Bodi ya Huduma za Maktaba, inayoiendesha maktaba hiyo, ndiyo inayotoa namba za ISBN, yaani namba za utambulisho wa vitabu, kwa wachapishaji wa nchi hii na kupokea nakala za vitabu zinazowekwa kwa mujibu wa sheria. Mwanafunzi akifanya mafunzo kwa vitendo katika kazi ya namna hiyo, anaijua biashara ya vitabu ya Tanzania kuliko anavyoweza kuelezwa darasani.

Rafu ya Juu

Kwa heshima zote, mzee wangu, mimi nina mtazamo tofauti kidogo. Makongamano ni mazuri kwa anayetaka kubaki chuoni, lakini kwa anayetafuta ajira, mikono ndiyo inayotazamwa. Nilihudhuria mikutano miwili nikapata vyeti viwili, na kwenye usaili hakuna aliyeviuliza.

Kilichonisaidia kilikuwa shule moja ya sekondari Temeke iliyokuwa na chumba cha vitabu kilichofungwa kwa kufuli. Niliomba kwa mkuu wa shule nije kila Jumamosi. Nilikuta kompyuta mbili za zamani, nikasakinisha Koha katika moja yake, nikaanza kuingiza rekodi za vitabu kimoja kimoja. Kwa wasioijua, Koha ni programu huria ya kuendeshea maktaba iliyoanzia New Zealand na kuanza kutumika mwaka 2000, na jina lake katika Kimaori lina maana ya zawadi. Kwangu ilikuwa zawadi yenye miiba, kwa sababu umeme ulikatika nikapoteza kazi ya Jumamosi mbili kabla sijajifunza kuhifadhi nakala rudufu. Niliandika kila kosa kwenye daftari pamoja na namna nilivyolirekebisha.

Sekretarieti ya Ajira ilipotangaza nafasi za Mkutubi Daraja la Pili, nilipita usaili wa mchujo. Katika mahojiano nikaulizwa ningefanya nini iwapo mfumo wa maktaba ungepoteza rekodi. Nilijibu kutoka kwenye lile daftari. Nimeajiriwa sasa, na shule ile bado naitembelea.

Niseme na upande wa pili: kabla ya hapo nilijitolea miezi minne katika ofisi moja iliyoniahidi posho ya nauli kwa mdomo, na sikupewa hata shilingi. Ombeni ahadi iwe kwenye karatasi, hata kama ni ya nauli ya daladala tu.

Mama Watatu

Mimi nina watoto watatu na kazi katika maktaba ya chuo cha afya, kwa hiyo habari za kupanda basi hadi Nairobi sikuziweza. Nilitafuta njia ya kukaa nyumbani. Research4Life, mpango unaoziwezesha taasisi za nchi kama yetu kusoma majarida ya kisayansi bure au kwa bei ndogo, huendesha pia mafunzo ya mtandaoni yasiyo na ada. Sehemu yake ya afya, Hinari, ilianza mwaka 2002, na bado nilikuta wahadhiri wangu wengi hawajui kwamba chuo kina nywila yake. Nilisoma usiku watoto wakishalala, nikapata cheti, kisha mwezi Oktoba, katika Wiki ya Kimataifa ya Ufikiaji Huria, yaani kusoma machapisho ya kitaaluma bila malipo, nikaomba nipewe saa moja niwafundishe wahadhiri kutafuta makala. Walikuja saba. Maswali yao ndiyo yaliyogeuka kuwa sura ya kwanza ya tasnifu yangu.

Posta Mpya

Nitasema kwa kifupi, kwa aibu. Ukipokea barua pepe ya kukualika kwenye kongamano la kimataifa linalojumuisha maktaba, uhandisi, kilimo na meno kwa pamoja, na ikisiri yako ikakubaliwa usiku ule ule ulioituma, usilipe. Mimi nililipa dola mia mbili. Ukumbi haukuwapo. Tangu siku hiyo humtumia kwanza mkutubi mmoja mwenye uzoefu jina la mkutano, naye hunijibu ndani ya saa moja.

Mtoa mada

Nawashukuru sana. Dada Binti Magomeni, naomba kuuliza: msimamizi wako aliipokeaje ile habari ya rula? Wangu anapenda mada pana, na ninaogopa ataniambia kwamba jambo dogo kama hilo halitoshi shahada ya uzamili.

Binti Magomeni

Aliniambia hivyo hivyo. Sikubishana naye. Nilimpelekea vitabu vinane ofisini nikamwomba asome namba zake vikiwa vimesimama kwenye rafu yake. Alivigeuza kimoja baada ya kingine, kisha akaniuliza kama nimeshapima na vile vya Kiingereza ili kulinganisha. Nilikuwa sijapima, na hiyo ikawa kazi ya mwezi uliofuata. Neno moja zaidi: anza kushughulikia pasipoti sasa. Ada yake ni shilingi 150,000, na ni afadhali uidunduize kabla ya barua ya kukubaliwa kufika, kwa sababu baada ya hapo siku hazitoshi.

Mtoa mada

Nimefungua ikisiri niliyokuwa nimeiandika, nayo inaanza na neno “Changamoto”. Nimeifuta. Kaka Rafu ya Juu, kama shule ile ya Temeke bado inahitaji mtu, ninaweza kuja Jumamosi hii.

Rafu ya Juu

Njoo saa tatu asubuhi. Kuna masanduku manne ya vitabu vya msaada ambayo hayajafunguliwa tangu Machi, na panya ameshaanza kuyasoma kabla yetu. Njoo na glavu.