Mkonge wa saa tatu usiku

Kikundi: Wajukuu wa Bibi Mwanaidi, Ngamiani

20:06 Mama Salma: Shikamooni wakubwa. Jamani nani ana singa za mkonge? Salma ndo ananiambia sasa hivi, kesho kila mtoto aende nazo wakasokote kamba

20:07 Mjomba Rajabu: Marahaba. Ndo mnakumbuka saa hizi?

20:07 Mama Salma: Katumwa tangu Ijumaa 😩

20:09 Shangazi Tatu: Mie kila siku nauliza, hawa la tatu wanafundishwa nini? Sisi kusoma, kuandika, kuhesabu, ukizubaa bakora. Leo kamba!

20:11 Mama Salma: Wifi wanasoma bwana. Hayo ya KKK ni la kwanza na la pili. Sasa wana Historia ya Tanzania na Maadili, ndo wamefika kwenye mkonge. Ngoja nipige picha daftari

20:12 Mama Salma: 📷 "Asili ya mkonge ni Meksiko. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ni 62. Ilipandwa Kikogwe, Pangani."

20:13 Mjomba Rajabu: 62 tu?? Na mashamba yote yale, Muheza mpaka Korogwe?

20:13 Baba Salma: Ndo hiyohiyo imezaana

20:15 Mama Salma: Mwalimu kaingiza na hesabu hapohapo, mingapi ilikufa njiani. Salma kaandika "938 walikufa". Hesabu kapata, ila "walikufa" imepigwa mstari mwekundu, pembeni "ilikufa"

20:16 Shangazi Tatu: 😂😂 Kaifanyia matanga miche

20:17 Baba Salma: Mie ningempa vema zote mbili

20:21 Bibi: 🎤 1:52

20:25 Mwajuma: Kwa walio kwenye daladala, Bibi anasema hivi. Baba yake alitoka Kigoma, kaja huku kwa manamba, yaani kibarua wa mkataba kwenye mashamba ya mkonge, ndo maana nyie leo mnajiita Watanga. Alipewa kipande, yaani kadi ya kazi ya siku 30. Siku ambayo hukumaliza kazi haipigwi alama, kwa hiyo kipande kimoja kingeweza kukaa hata mwezi na nusu ndo ulipwe. Anasema mwalimu awape hesabu hiyo, sio ya miche

20:26 Mwajuma: Halafu kacheka mwenyewe muda mrefu, hiyo sijaiandika

20:28 Mjomba Rajabu: Mie naona mnunulieni kamba ya nailoni dukani, mia tano yaishe

20:29 Shangazi Tatu: Rajabu! Hiyo nailoni ndo iliyoangusha mkonge, wewe unampelekea mwalimu wa mkonge?

20:30 Mjomba Rajabu: Hata mie najua. 1964 nchi hii ilitoa zaidi ya tani 200,000. Nilikuwa nataka mlale mapema tu

20:34 Baba Salma: Nimemwomba jirani, ana mkonge kwenye uzio. Karuhusu majani manne. Naenda na tochi

20:35 Bibi: 🎤 0:41

20:37 Mwajuma: Bibi: mwiba wa nchani utoke KWANZA. Jani uliponde kwa mchi, ulilaze kwenye ubao, ulipare kwa kisu butu mpaka nyama yote itoke zibaki singa. Kisu kikali kitazikata. Yale maji yanawasha, usijishike usoni. Anasema kiwandani korona, ile mashine ya kuparia majani, inafanya hivyo kwa kufumba na kufumbua, nyinyi mtakesha

20:58 Mama Salma: Baba Salma kajishika usoni

20:58 Shangazi Tatu: 🤦🏾‍♀️

20:59 Mwajuma: Anawe kwa sabuni, maji mengi

21:20 Mama Salma: 📷 Jani la kwanza hilo. Si nyeupe sana

21:22 Bibi: 🎤 0:09

21:23 Mwajuma: "Oshaneni tena, hizo bado zina ukijani." Oshaneni ndo kasema, msinisahihishe

21:41 Mama Salma: Zimening'inizwa chini ya feni, jikoni kunanuka majani mabichi. Salma kaniuliza ile 938 ilifia baharini au bandarini, kabla sijajibu kashalala. Sie tumebakiza majani mawili

21:42 Mjomba Rajabu: Mia tano tu ilikuwa