Nataka kulifumia gari la marehemu baba kabla ya safari ndefu: uzi gani, na usukani niufanyeje?

BintiWaKobe aliuliza:

Habari zenu wapendwa. Ninaomba ushauri wa watu wa magari na watu wa sindano kwa pamoja, maana shida yangu iko katikati.

Nina Volkswagen Beetle ya mwaka 1972. Tunamwita Kobe kwa sababu ya umbo lake, na nitamwita hivyo hapa. Alikuwa wa baba. Baba hakuwahi kuwasha na kuondoka. Alikuwa akiwasha, anashusha kioo, anatulia akiisikiliza injini ikiunguruma kule nyuma mpaka ipate sauti anayoitaka, ndipo anatia gia. Amefariki miaka mitatu sasa. Mama alisema Kobe hauzwi, nikamchukua mimi.

Mwezi ujao mimi, mume wangu na binti yetu wa miaka tisa tunasafiri naye. Siku nne, kilomita 1,100 hivi kwenda tu. Hatuna haraka, kwenye 80 kwa saa Kobe anakwenda kwa raha na sisi tunaongea bila kupaza sauti sana. Viti vya nyuma vimechakaa, kwa hiyo nimeamua kuvifumia kwa kroshia. Vipande vya mraba, kila kimoja sentimita 12, jumla 90: 40 vya kukalia na 50 vya kuegemea. Mpaka jana usiku nilikuwa nimefikisha 64, vyote kwa uzi wa pamba.

Sasa yaliyonikuta.

Kwanza nilikata maua ya kitambaa kizito nikayabandika kwenye dashibodi kwa bunduki ya gundi ya moto. Mchana mmoja tu wa jua. Nilirudi nikayakuta yameteremka, gundi imevutika kama uzi wa buibui.

Pili, usukani. Ule mwembamba wa zamani, mgumu, na chini umepasuka sehemu tatu. Nikaufumia kava ya akriliki, ule uzi wa plastiki, rangi ya machungwa, ikapendeza kweli. Kwenye kona ya kwanza nikazungusha mikono, kava ikazunguka na mikono, usukani ukabaki ulipokuwa. Nilisimama pembeni nikaikata kwa mkasi palepale.

La tatu ndilo linaloninyima usingizi. Tulifanya safari fupi ya majaribio, mume wangu akiendesha. Binti alikuwa nyuma anajifunza mnyororo wa kroshia. Bonge la uzi likamponyoka, likapita chini ya kiti cha mbele likaenda kusimama penye pedali. Mume wangu aliligusa kwa ncha ya kiatu akalisukuma pembeni kabla hajahitaji breki. Hakuna kilichotokea, lakini mikono yangu ilikuwa baridi mpaka tulipofika nyumbani.

Na mimi mwenyewe nikifuma nikiwa abiria, baada ya dakika ishirini kichefuchefu kinanikaba. Ningependa safari hii nitoke na kitu nilichokifumia njiani, kitu kinachoikumbuka njia yenyewe. Nifanye nini na haya yote? Na pamba niliyoanza nayo ni sawa, au nifumue?

FundiViti alijibu:

Pole dada, na hongera kwa vipande 64. Usifumue.

Mimi nashona viti vya magari, kwa hiyo nianze na jambo ambalo hukuuliza. Inua kiti cha nyuma cha Kobe. Betri iko pale chini. Kiti kile kina springi za chuma, na zikilemewa na mtu mzito zinaweza kugusa vichwa vya betri. Hapo ni cheche, na juu yake kiti kimejazwa nyuzi kavu, tena wewe unaongeza pamba. Hakikisha betri ina kifuniko chake. Kama hakipo, tafuta kinachoenea vizuri au tengeneza cha mpira mgumu usiopitisha umeme, ukifunge kisisogee. Fanya hili kabla hata ya kushona kipande cha 65.

Uzi: pamba inanyonya jasho na haitelezi sana, ni nzuri kwa kukalia. Ubaya wake inalegea, ikishavutika hairudi, na jua la dirishani litaipausha taratibu. Akriliki inalivumilia jua vizuri zaidi, lakini inateleza, na ikipata moto inayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Sufu haishiki moto kirahisi, ila nondo wanaipenda. Kwa kazi yako baki na pamba, lakini usiiache peke yake. Shona vipande vyote juu ya turubai lililokatwa kwa kipimo cha kiti, ili uzito wa mtu ubebwe na turubai. Chini weka ule wavu wa mpira wa kuzuia zulia lisiteleze. Halafu mikanda ya lastiki ipite chini ya kiti na nyuma yake. Ukivuta kwa nguvu zote na kava isisogee, kazi imekwisha.

Wanaosoma hapa wenye magari ya siku hizi wasiige moja kwa moja. Viti vingi vya mbele vina mifuko ya hewa ubavuni, ile inayofumuka ajali ikitokea, na kava iliyofungwa pale inaizuia isifunguke. Kobe wako hana, na hapa unamfumia viti vya nyuma, kwa hiyo wewe huna shida hiyo. Acha tu nafasi ya mikanda ya usalama, vifungio vyake visizame kwenye uzi.

Usukani usiufumie tena. Kava iliyoshonwa vibaya ni hatari, na ya uzi hata ikishonwa vizuri italegea. Hizo nyufa zinatibika. Panua kila ufa kwa msasa au kijisu mpaka uwe na umbo la V, safisha mafuta yote, jaza gundi ya epoksi ya sehemu mbili, acha ikauke siku nzima, piga msasa mpaka kidole kisihisi mpaka, kisha rangi. Ni kazi ya mikono ya kutulia. Mtu anayeweza kuhesabu mishono ataiweza.

Maua: dashibodi iliyo juani inaweza kukaribia nyuzi 70 za Selsiasi, na gundi nyingi za bunduki huanza kulainika kwenye joto la namna hiyo. Kama dashibodi ya Kobe ni ile ya bati tupu, shonea sumaku ndogo bapa ndani ya kila ua, upande wa bati uwe na kitambaa ili rangi isikwaruzwe. Yaweke upande wa abiria, chini, yasiakisi kwenye kioo.

SindanoSaba alijibu:

Mwanangu, umenikumbusha mbali. Fundi amesema vizuri, nami sina neno kwenye betri. Kwenye kuvutika kwa pamba naongeza kidogo: shika uzi kwa kuubana zaidi ya unavyozoea, au shuka kwenye sindano ya kroshia namba 3.5, yaani unene wa milimita 3.5, kwa vipande 26 vilivyobaki na uvipange katikati ya sehemu ya kukalia, ndiko kunakochoka haraka. Tofauti ya ukubwa utaifidia kwa mzunguko mmoja wa ziada pembeni.

Bonge la uzi ndani ya gari halikai wazi. Hata siku moja. Chukua mtungi wa plastiki wenye kifuniko cha kuzungusha, toboa tundu katikati ya kifuniko, lainisha kingo zake kwa msasa, bonge likae ndani na uzi upite juu. Mtungi uingie kwenye mfuko, mfuko ufungwe kwenye mshikio wa mlango au nyuma ya kiti. Na ufunge bonge lako liwe la kuvuta uzi kutoka katikati, halitazunguka kabisa. Mfundishe na binti: kikianguka kitu chochote, asiinamie, aseme kwa sauti, gari lisimame.

Sindano mbili ndefu za kufumia ziache nyumbani. Kwenye gari kroshia ni bora, ni fupi. Chagua ya mbao au plastiki, na njia ikiwa mbovu iweke chini. Breki ya ghafla haichagui.

Kuhusu kichefuchefu: sikio la ndani linajua unakwenda, jicho lililoinamia uzi linasema umetulia, mwili unachanganyikiwa. Dawa yangu ni kutotazama kazi. Chagua mshono mmoja unaojirudia, uzi mnene kiasi wa rangi nyepesi, vidole vihesabu, macho yatazame mbali mbele. Fanya mazoezi nyumbani ukiwa umefumba macho, wiki moja inatosha. Kaa mbele, fungua kioo kidogo. Ukisikia mate yanajaa mdomoni, acha hapohapo, usimalizie safu.

BintiWaKobe aliandika:

Fundi, nimesoma jibu lako nikatoka na tochi. Kifuniko hakikuwepo. Betri ilikuwa wazi, na binti yangu hukaa upande uleule. Sina maneno ya kukushukuru.

Swali la usukani lakini. Pale kushoto juu, mahali ambapo kwenye saa pangekuwa namba 10, rangi imeisha na pamelainika kama jiwe la mtoni. Ndipo baba alipokuwa akishika, mkono mmoja, miaka yote ile. Nikipaka rangi usukani mzima patapotea. Naweza kutengeneza nyufa peke yake?

FundiViti alijibu:

Unaweza. Zungushia karatasi ya gundi pembeni ya kila ufa, paka rangi pale tu, kisha fifisha ukingo kwa msasa laini kabisa wenye maji. Hata rangi isipofanana sana ni chini huko, haionekani. Pale juu paguse kwa kitambaa chenye maji na sabuni, basi.

DerevaWaMbali alijibu:

Dada, kwa kitu cha kuikumbuka njia nina wazo. Mwaka 2018 huko Ujerumani kulikuwa na mama aliyefuma skafu ya ucheleweshaji wa treni: kila siku safu mbili, kijivu treni ikichelewa chini ya dakika tano, waridi ikichelewa kati ya dakika tano na thelathini, nyekundu ikizidi hapo au ikichelewa kwenda na kurudi. Mwaka mzima ukasomeka shingoni. Ilikuja kuuzwa kwa mnada mwaka 2019 na fedha zikaenda kwenye hisani.

Wewe fanya skafu ya kilomita. Safu moja kwa kila kilomita 10, safari ya 1,100 ni safu 110. Kila safu ikiwa na kimo cha sentimita moja na nusu unapata mita 1.65, skafu kamili. Kwa mwendo wenu kilomita 10 zinachukua kama dakika nane, kwa hiyo weka mishono 25 kwa upana, utamaliza safu na kupata muda wa kutazama nje. Rangi ifuate njia: lami, changarawe, vumbi, mvua. Zamu yako ya kuendesha ikifika, andika kwenye daftari, utafuma mkisimama.

Na jambo moja la Kobe: maji ya kusafishia kioo cha mbele yanasukumwa na upepo wa tairi la akiba lililoko mbele. Msipakie mifuko ya uzi mkaubana ule mpira mwembamba unaotoka kwenye tairi, na pimeni upepo wake pamoja na mengine kabla ya kuondoka. Mizigo laini iwekeni kwenye shimo lililo nyuma ya kiti cha nyuma.

BintiWaKobe aliandika:

Kaka, wazo la skafu limemaliza utafutaji wangu wote. Nilipomsomea binti, alikimbilia kwa Kobe kabla sijamaliza sentensi. Mita yake ya kilomita ina tarakimu tano tu na haina sehemu za kumi, kwa hiyo tarakimu ya mwisho ikirudi sifuri ni kilomita 10 kamili. Hiyo ndiyo kazi yake: kuchungulia kati ya viti na kuita "sifuri!", nami naanza safu mpya. Mkanda ukiwa umefungwa, tumekubaliana.

Taarifa za maendeleo: kifuniko cha betri kimewekwa. Vipande vimefika 83, vile vya katikati kwa sindano namba 3.5. Nyufa za usukani zimejazwa, kesho napiga msasa. Maua sita yana sumaku, na jana Kobe alishinda juani kutwa nzima bila hata moja kusogea. Mazoezi ya kufuma kwa kufumba macho yanakwenda, mama SindanoSaba, naweza safu nne bila kupoteza mshono.

Rangi tumechagua hivi: kijivu kwa lami, kahawia kwa vumbi, bluu ikinyesha, njano tukipita mahali ambapo baba aliwahi kutupeleka. Jana binti akaniuliza kivuko tutakihesabuje, maana Kobe atakuwa anasafiri na magurudumu yamesimama, mita haisongi. Tumekipa safu moja ya kijani, peke yake.