Maneno ya Kislavi katika lugha za Skandinavia: yapi yahesabiwe?

Wapenzi wa lugha, naleta hoja, na mwenye la kupinga apinge.

Wapo wanaoamini kwamba Waviking, mabaharia wa kale wa Skandinavia, walikwenda mashariki kuwastaarabisha Waslavi (wazee wa Warusi, Wapolandi na jamaa zao), wala hawakupata cha kujifunza kwao. Ubishi huu ni wa siku nyingi. Mwaka 1749, huko Saint Petersburg, mwanahistoria Mjerumani Gerhard Friedrich Müller aliandaa hotuba ya kusema dola ya Rus, ile ya kale ya Waslavi wa mashariki, iliasisiwa na watu wa Skandinavia. Mwanasayansi Mrusi Mikhail Lomonosov akaja juu, hotuba ikazuiwa, na mpaka leo kila upande unavutia kwake.

Mimi nasema tuyaulize maneno. Msweden anaita uwanja wa soko "torg", Mdenmark anauita "torv", na neno hilo wazee wao walilipata kwa Waslavi wa mashariki. Wafini nao walilichukua, ndipo likazaliwa jina la mji wa Turku. Kisha kuna "besman", mizani ya mkono iliyotoka Urusi (na Warusi wenyewe huenda waliitoa kwa Waturuki), na "lodja", chombo cha kubebea mizigo katika mito ya huko. Soko, mizani, chombo! Mtu hachukui maneno ya namna hii kwa watu aliowakuta hawajui kitu. Anayachukua kwa watu anaofanya nao biashara, kama pale Staraya Ladoga na Novgorod, miji ya Urusi, manyoya yakibadilishwa kwa fedha.

Ila nagombana pia na upande wangu mwenyewe, hasa wale wanaorefusha orodha. Wanaingiza "grænse", yaani mpaka, na "agurk", yaani tango. Wajerumani waliyatoa kwa Waslavi, sikatai. Wapolandi wanasema "granica" hadi leo. Lakini Waskandinavia hawakuyapokea mkononi mwa Mslavi. Waliyapata kwa Wajerumani, hasa wale wa kaskazini, waliotawala biashara ya bahari ya Baltiki enzi za Hansa, ule muungano wa miji ya biashara. Sisi "shule" tuliipata kwa Wajerumani, wao wakaipata kwa Walatini, nao kwa Wagiriki. Nani kati yetu anasema tumekopa neno hilo kwa Wagiriki? Neno la mkopo lihesabiwe kwa aliyelikabidhi. Asili ya mbali ina hadithi yake, tena tamu, lakini haituambii nani aliketi na nani.

"Tolk", yaani mkalimani, naliweka kando: wengine wanasema lilitoka Urusi moja kwa moja, wengine lilipitia kwa Wajerumani.

Orodha fupi hainitishi, maana kuna ushahidi mwingine ambao watu wanaupita tu. Nendeni visiwa vya Lolland na Falster, kusini mwa Denmark. Mtakuta Tillitse, Kramnitse, Korselitse. Hayo ni majina ya Kislavi, na mahali hapati jina la namna hiyo kwa mgeni aliyepita siku moja. Waslavi waliishi pale. Wafalme wa Denmark nao walijiita wafalme wa Wavendi, yaani Waslavi wa ng'ambo ya Baltiki, hadi Margrethe II alipoliacha jina hilo mwaka 1972.

Sasa anayetaka "grænse" liingie kwenye hesabu anijibu: atatumia kanuni gani itakayoliingiza hilo, halafu iiache "shule" kuwa ya Kijerumani?