Tupeane uzoefu: kuchanganya vifaa vya zamani na vipya kwenye baiskeli ya resi

Mwenge_Resi (Dar)

Wakuu, salaam. Sisi wa baiskeli za resi za mitumba tunajuana: fremu ya miaka ya tisini, gurudumu la juzi, krenki (mikono ya pedali na meno ya mbele) iliyotoka kwa jamaa aliyehamia kwenye gari. Ukiulizia bei ya seti kamili mpya unaondoka kimyakimya. Kwa hiyo tunachanganya. Naomba kila mmoja aseme alichanganya nini na nini, kikakubali au kikagoma, na sababu yake kama anaijua.

Naanza mimi. Fremu ya chuma, shifta (vibadilisha gia) za Shimano za gia 8 zile zilizoungana na breki, krenki meno 52 na 39. Nimepata gurudumu la nyuma la kisasa, habu yake (kitovu cha gurudumu) ni ya gia 11. Kaseti yangu ya gia 8 (lile fungu la sproketi, yaani magurudumu ya meno ya nyuma) iliingia, ila hata ukikaza mpaka mwisho ilikuwa inacheza, kwa sababu pale kaseti inapokaa kwenye habu ya gia 11 ni parefu zaidi kwa milimita 1.85. Dawa yake ni washa ya unene huohuo, inatangulia kuingia kabla ya kaseti. Imetulia kabisa.

Kilichonishinda ni direla ya nyuma (ile inayosogeza cheni toka sproketi hadi sproketi) ya Shimano 105, toleo la 5800 la gia 11, niliyopewa na rafiki. Haina hata mkwaruzo. Gia ya kwanza na ya pili zinaingia, ya tatu inasitasita, ya nne cheni inapanda nusu halafu inarudi. Waya nimebadilisha, nimemaliza skrubu zote, wapi. Na shida yangu ni kilima, nataka sproketi kubwa nyuma.

Fundi_Ngarenaro (Arusha)

Mkuu, waya hauna kosa. Hesabu ndiyo imegoma.

Kila unapobonyeza shifta, inavuta waya kipande fulani. Direla nayo ina kiwango chake cha kukizidisha kile kipande. Shifta yako ya gia 8 inavuta kama milimita 2.8. Direla za resi za Shimano za wakati ule zinazidisha kwa 1.7, jumla inakaribia 4.8, na hiyo ndiyo nafasi iliyopo kati ya sproketi na sproketi kwenye kaseti ya gia 8. Direla ya 5800 inazidisha kwa 1.4 tu. Piga 2.8 mara 1.4, unapata 3.9. Kila mbonyezo unapungukiwa karibu milimita nzima. Mbonyezo wa kwanza unaweza usiuone, ila ukifika wa tatu, direla imesimama katikati ya sproketi mbili, na cheni haijui iende wapi. Skrubu haiwezi kutibu hilo hata uizungushe mpaka alfajiri.

Kuna utamu mmoja hapo. Hiyo 3.9 ni karibu sawa na nafasi za kaseti ya gia 10. Nimewahi kumfungia mteja shifta ya gia 8, direla ya gia 11 na kaseti ya gia 10, ikatembea vizuri tu. Ila anatumia sproketi nane, mbili zilizobaki ni mapambo. Yeye hajali, mimi ingenikera.

Kwa kilima, tafuta direla ya Shimano ya baiskeli za milimani ya gia 9: Deore, LX, XT za zama hizo. Zinazidisha kwa 1.7 vilevile, kwa hiyo zinaelewana na shifta za resi za gia 8, 9 na 10. Mimi mwenyewe natumia shifta za 105 za gia 10, direla ya Deore ya gia 9 na kaseti ya 11-34 (sproketi ndogo meno 11, kubwa 34), na ndiyo inanipandisha Oldonyosambu bila kushuka kusukuma. Mkono wake ni mrefu, unameza cheni nyingi. Kwako wewe ukiweka kaseti kama hiyo, tofauti ya mbele ni meno 13 (52 toa 39), nyuma 23 (34 toa 11), jumla 36. Direla ya resi ya zamani ya mkono mfupi huishia kwenye 29 hivi, ukiilazimisha cheni inaning'inia kama kamba ya nguo.

Tahadhari mbili. Direla za milimani za gia 10 usiziguse, kiwango chake ni kingine kabisa. Na Tiagra 4700 (seti ya resi ya Shimano) ina gia 10 lakini inavuta waya kama ndugu zake wa gia 11, haichanganyiki na za gia 10 za kabla yake. Imewaponza wengi sokoni, maana muuzaji anakwambia "gia kumi ni gia kumi".

Mwenge_Resi

Fundi, Mungu akuweke. Kumbe ningeendelea kununua waya. Deore kuna moja nimeiona Kariakoo, ila springi yake ukiiachia inakimbilia upande wa sproketi kubwa. Mbovu?

Fundi_Ngarenaro

Si mbovu. Shimano walitengeneza baadhi ya direla za milimani zenye springi ya kugeuza. Inafanya kazi, ila gia zitakuwa kinyume: ukibonyeza kupandisha, inashusha. Kama akili yako haikubali, iache, tafuta nyingine.

Kamau_wa_Ngong (Nairobi)

Wasee, mimi story yangu ni ya cheni. Pini na pini zimeachana milimita 12.7 kwa zote, iwe ya gia 6 au 11. Inayobadilika ni unene wa nje: ya gia 8 iko karibu milimita 7.1, ya gia 9 ni 6.6, ya gia 10 ni 5.9, ya gia 11 ni kama 5.5. Kwa hivyo cheni nyembamba kwenye kaseti ya zamani hukubali. Mimi nimetumia ya gia 10 kwa kaseti ya gia 9 na haijawahi nisumbua. Kinyume chake ndiyo haiwezekani: cheni nene itasugua sproketi ya jirani na kelele yake utaisikia hadi Karen.

Kitu chenye kilinichosha ni kuweka cheni mpya juu ya kaseti iliyoisha. Kwa tambarare hakuna noma. Ukisimama kwa pedali ukipanda Ngong, inaruka: tak! tak! na goti linagonga handlebar. Cheni ikivutika, inachimba meno ya kaseti yafanane nayo, halafu cheni mpya inakosa pa kukaa. Kwa hivyo pima mapema na rula ya kawaida. Weka sifuri katikati ya pini, hesabu viungo 24 (cha ndani na cha nje kila kimoja ni kimoja). Cheni mpya itaishia 304.8. Ikipita hapo kwa milimita moja na nusu, badilisha, na kaseti itapona.

Bint_Shangani (Zanzibar)

Nyote mwazungumza nyuma, hamna aliyetaja ekseli ya kati, ile ya pedali. Huku kwetu chumvi haioni haya, vikombe vya beringi zake vyaganda ndani ya fremu mpaka vikawa kitu kimoja.

Mimi nilitaka krenki mpya ya Shimano, ile yenye ekseli nene ya milimita 24, kwenye fremu ya chuma ya zamani. Jawabu lategemea nyuzi za skrubu za vikombe. Bomba la fremu linalobeba ekseli likiwa na upana wa milimita 68 na nyuzi za Kiingereza, yaingia moja kwa moja. Lakini kikombe cha kulia, upande wa cheni, hufunguliwa kwa kuzungusha kisaa, kinyume na mlivyozoea. Vijana wengi hukining'inia na bomba refu kwa njia ya kawaida, kumbe wazidi kukikaza. Fremu za Kitaliano bomba lake ni milimita 70 na pande zote mbili hufunguliwa kwa njia ya kawaida. Na kama una Raleigh ya zamani ya Nottingham, pima kwanza kabla ya kutoa pesa: wengi wao walitumia nyuzi zao wenyewe, 26 kwa inchi badala ya 24, na vikombe vya leo haviingii.

Changu kilitoka baada ya kulala na mafuta ya kulegeza kutu na kupigwa maji ya moto. Nyundo sikuigusa.

Mzaramo_Leeds (Uingereza)

Naongezea upana wa nyuma ya fremu. Zenye gia 6 na 7 ni milimita 126, kuanzia gia 8 kwenda juu, zenye breki za kubana rimu, ni 130. Fremu yangu ni ya 126, gurudumu ni la 130. Nafungua kwa mikono, milimita 2 kila upande, naliingiza. Kwa chuma sawa, na ukitaka fundi anaweza kuipanua kabisa kisha akanyoosha masikio ya fremu (pale ekseli ya gurudumu inapokaa) yatazamane. Kwa alumini au kaboni, usijaribu. Alumini haipanuki, inapasuka.

Babu_Kiboriloni (Moshi)

Vijana mnateseka. Mimi nina vishikio vile vya gia vya kwenye bomba la fremu, visivyo na mbonyezo. Naongeza kidogo, napunguza kidogo, sikio linaniambia cheni imekaa. Direla yoyote, kaseti yoyote. Hizo 1.7 zenu sizijui.

Kamau_wa_Ngong

Mzee umetumaliza 😂 Lakini kwa msongamano wa Waiyaki Way, kutoa mkono kwa handlebar kila gia? Hapana.

Mwenge_Resi

Babu heshima yako. Nimerudisha ile 5800 kwa mwenyewe, nikachukua Deore nyingine yenye springi ya kawaida. Kaseti nimepata 11-32 ya gia 8. Swali moja limebaki: cheni niliyonayo ni ya gia 9, kiungo cha kufungia nilichonacho ni cha gia 8. Kitashika?

Fundi_Ngarenaro

Kitafunga, lakini kitacheza, na siku moja kitafunguka ukiwa umesimama kwenye pedali. Nunua cha gia 9. Na kata cheni upya, ile ya zamani ni fupi kwa 32. Ipitishe kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kupita kwenye direla, ongeza viungo viwili, kata hapo.