Kifua kilinibana usiku, sasa kimeachia. Niende hospitali au ni hii salfa tu?

Mpuliziaji51
Wakuu habari za asubuhi. Mi niko kijijini huku Tandahimba, umri 51, tupo kwenye kupulizia mikorosho. Jana nimeingia shambani alfajiri na mashine mgongoni maana salfa ya unga lazima uiwahi kabla upepo haujaamka, nikarudi saa tano nikala ugali wa muhogo nikajinyoosha, fresh kabisa. Usiku sasa, kama saa nane, nikashtuka usingizini kifua kimebana hapa katikati, sio kuchoma choma, ni kama mtu kaniwekea gunia la korosho afu na yeye kakaa juu yake. Mkono wa kushoto ukawa mzito, taya nayo ikauma nikadhani jino. Jasho jembamba la baridi, fulana ikalowa ya kukamua, na huku juu usiku kuna baridi mjue. Nusu saa hivi. Mke wangu akanipa maji ya uvuguvugu nikacheua, ikaachia taratibu.

Sa hivi saa moja asubuhi niko poa, mwili tu umechoka kama nimepigwa. Mke amegoma, anasema twende hospitali. Mi naona ni salfa niliyovuta, maana badala ya barakoa nilifunga kitambaa. Mashine yenyewe ya kukodi, inalipiwa kwa siku na bado safu nne. Afu nikifika huko nimeshapona si wataniambia sina kitu na hela imeshaliwa? Bima sina. Sigara navuta ila sio sana. Presha mwaka juzi walisema iko juu, wakanipa dawa, nikameza mwezi mmoja nikajisikia vizuri nikaacha.

Kijana wa Chikongola
Pole mkuu, hiyo presha imeshuka. Koroga chumvi kwenye maji ya moto kunywa, pumzika. Na ikirudi kohoa kwa nguvu mfululizo, tulitumiwa kwenye grupu la WhatsApp, inaamsha moyo.

Sista wa Wodi
Kaka yangu Mpuliziaji, nenda sasa hivi, usisubiri hata chai. Mi ni nesi, nipo Kusini huku huku, na hao wa salfa nawapokea kila msimu. Salfa inawasha macho, inakukohoza, koo linakwaruza, pua zinatiririka. Haikuamshi saa nane usiku na jasho la baridi na mkono mzito na taya, wakati toka saa tano asubuhi ulikuwa mzima. Ulivyoeleza wewe ndivyo moyo unavyolalamika mshipa wake mmoja unapoziba au unapokaribia kuziba.

Na hilo la kwamba imeachia ndilo linalonitisha zaidi. Damu inaweza kuganda kwenye mshipa, ikajifungua kidogo, maumivu yakaisha, afu baada ya masaa au siku mbili ikaziba jumla. Hiyo nafasi uliyopewa hapo katikati ndiyo unataka kuimalizia kwenye safu nne.

Ukifika usianze na habari za uchovu wala salfa, anza na neno KIFUA pale pale mapokezi, sema kilibana nusu saa na jasho na mkono, uone kama utakaa foleni. Omba kipimo cha ECG, kile cha umeme wa moyo, ni cha dakika chache tu. Ila sikiliza, cha kwanza kinaweza kutoka safi na bado tatizo lipo, ndio maana wanarudia, na kuna kipimo cha damu kinaitwa troponini ambacho kinapanda baada ya masaa kadhaa toka moyo uumie, kwahiyo wakikwambia kaa mpaka jioni usiwaone wanakula hela yako.

Kama huna aleji ya aspirini, na hujawahi kutapika damu au kuambiwa vidonda vya tumbo vinavuja, tafuna aspirini miligramu 300, zile ndogo za 75 ni nne. Tafuna, usimeze nzima. Dawa ya presha ya jirani usiguse. Na kama juzi au jana umetumia dawa za nguvu za kiume mwambie daktari hata kama mkeo kasimama hapo, maana kuna dawa ya moyo ya kuweka chini ya ulimi ikikutana na hizo presha inadondoka vibaya sana. Sigara ile "sio sana" pamoja na presha uliyoiacha, vyote vitaje.

@Kijana wa Chikongola mdogo wangu, chumvi kwa mtu aliyeambiwa presha iko juu? Kukohoa nako hakuzibui mshipa, hiyo meseji inazunguka miaka na miaka, watu wanakaa kitandani wanakohoa badala ya kutafuta gari.

Kijana wa Chikongola
Sawa dada, nimejifunza. Samahani mkuu.

Binti Mikindani
Mi niongezee upande wa mama yangu maana yeye kifua hakikuuma kabisa. Ana kisukari miaka mingi. Siku hiyo alikuwa anapara samaki akasema tu nimechoka, akakaa kwenye kibaraza, akatapika, pumzi zikawa fupi fupi kama mtu aliyepanda mlima. Zahanati moja wakampima malaria, hana, wakampa dawa ya tumbo tukarudi nyumbani. Siku ya pili hawezi hata kwenda chooni bila kushikwa ndio tukakimbia hospitali kubwa, ECG ikaonyesha moyo umeshaumia toka jana yake. Daktari akasema wenye kisukari mishipa ya fahamu inakuwa imechoka hawasikii maumivu kama wengine, na akina mama mara nyingi inawajia kwa kichefuchefu, mgongo, uchovu. Yupo hai alhamdulillah, ila samaki tunampara sisi, yeye anaelekeza tu na kukosoa.

Mzee wa Mnazi Mmoja
Wengine watakuja kukwambia umetupiwa jini. Kama ni jini nalo litaonekana kwenye ECG, we nenda. Ila usiendeshe pikipiki mwenyewe na usipakiwe mshikaki, ukizimia njiani umemuua na dereva. Tafuta gari ukae umeegemea, mke awe pembeni.

Mpuliziaji51
Shemeji yangu ana kirikuu, anakuja. Aspirini nimetafuna, chungu balaa. Mke amecheka kwenye ile ya dawa za nguvu za kiume, mi sijacheka.

Sista wa Wodi
Ha ha haya, utamweleza daktari. Safari njema, mtujulishe.

Mpuliziaji51
Wakuu nimerudi, naandikia kitandani, hospitali ya mkoa Ligula, Mtwara, leo siku ya tatu. Kule wilayani walinilaza, wakanipaka kitu cha baridi kifuani, wakanibana vibano mikononi na miguuni na vile vipira vya kunyonya ngozi, nikajiona kama betri ya lori inachajiwa. Karatasi ikatoka na milima milima. Daktari akaiangalia akasema hii haina shida, mi nikamwangalia mke wangu kwa jicho la unaona sasa. Kanyamaza. Mchana wakarudia, daktari akaiweka ya pili juu ya ya kwanza akaitazama muda mrefu, akauliza sigara ngapi kwa siku. Nikasema tano. Mke akasema pakiti. Nikaletwa huku na gari la wagonjwa, na ile troponini ikatoka juu. Presha nilikuwa natembea na 180 kwa 110 siku zote hizo najiona mzima.

Sasa nachomwa sindano za tumboni za kuzuia damu isigande, vidonge vingi, moja wamesema ni ya maisha. Wameniandikia rufaa ya Dar, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, wakapige picha ya mishipa waone kama ni ya kuzibua. Hela ndio kichwa kinauma, nimeshaagiza mbuzi wawili wauzwe.

Mashine kaichukua mdogo wangu, safu mbili kamaliza, na nimemlazimisha anunue barakoa ya kweli. Mke anauliza kama kuna anayejua gesti ya bei poa karibu na Muhimbili, ya kulala mtu mmoja, yenye sehemu ya kupikia uji.